Gmsh na nyuso zinazolingana: mapitio ya mtumiaji wa kila siku

Mimi hufanya uigaji wa kompyuta wa nyenzo zilizoundwa kwa nyuzi na gundi. Natumia kisanduku kidogo chenye umbo la mchemraba kinachojirudia pande zote, na kwa kazi hiyo Gmsh, programu ya kugawa umbo kuwa wavu wa vipande vidogo vinavyounganishwa na nukta ziitwazo nodi, ndiyo ninayoipendekeza bila kusita.

Sababu ni amri moja: Periodic Surface. Unaitajia uso mkuu, uso mfuasi na umbali kati yao, nayo inanakili wavu wa uso mmoja juu ya mwingine, nodi kwa nodi. Jozi hizo huandikwa ndani ya faili la wavu, kwa hiyo huna haja ya kuzisaka upya kwa kulinganisha koordineti. Hili ni jambo kubwa, kwani nodi zisipolingana, utalazimika kukadiria thamani katikati yake.

Ila ijulikane: kazi ya Gmsh hapa ni kutengeneza wavu tu. Kufunga misogeo, yaani kuzilazimisha nodi za kila jozi zisogee kwa kufuatana, ni kazi ya kikokotozi chako (programu inayotatua milinganyo), na hapo pembe ndizo zinazosumbua. Nodi iliyo kwenye pembe iko kwenye nyuso tatu kwa pamoja. Ukiifunga mara tatu, milinganyo inajirudia na kikokotozi kinaweza kugoma. Kati ya pembe 8, iache moja iwe kuu na 7 ziifuate. Kati ya kingo 12, tatu ziwe kuu, moja kwa kila mwelekeo, bila pembe zake. Nyuso zishughulikie mwisho, bila kingo zake.

Programu ni huria, haina malipo, na mwongozo wake unaeleweka. Anayeanza, aanze na mchemraba wa nyenzo moja, usio na nyuzi: mkazo ukitoka sawa kila mahali, jozi zimekaa vizuri.