Bima ya vitu vya nyumbani Kenya: nzuri, mradi kiasi kilichoandikwa ni cha mwaka huu

Kwa mpangaji wa Nairobi au Mombasa, bima ya vitu vya nyumbani, ile mawakala wanaiita domestic package, inastahili pesa yake. Bima ya mwenye jengo huishia kwenye kuta na paa. Kochi, friji na nguo zako hazimo. Udhaifu mkubwa wa bima hii ya vitu hujitokeza wakati wa kuihuisha. Notisi huja na kiasi kilekile cha mwaka jana, yaani thamani ya vitu iliyoandikwa kwenye mkataba, mteja analipa ada kwa simu, basi.

Hapo ndipo watu huumia, kwa sababu mkataba una kipengele cha uwiano. Tuseme kununua upya vitu vyako vyote leo kungegharimu shilingi 1,200,000, lakini mkataba unasema 600,000. Moto wa jikoni ukiteketeza vitu vya 300,000, utalipwa 150,000, na hapo bado hakijakatwa kile kiasi unachobeba mwenyewe katika kila dai. Umekata bima ya nusu, unafidiwa nusu, hata hasara iwe ndogo kiasi gani.

Na bei za vyombo vinavyoagizwa nje hazitulii. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 123. Januari 2024 ilipita 160, kisha ikarudi karibu na 129. Orodha ya vyombo vya umeme iliyoandikwa kabla ya msukosuko huo haifai tena.

Kuhesabu upya huchukua jioni moja. Pita chumba kwa chumba ukirekodi video kwa simu, na fungua kila kabati. Televisheni igeuze: nyuma kuna kibandiko chenye namba ya modeli na namba ya kipekee ya kifaa (serial number), piga picha inayosomeka. Kwa kila kitu andika bei ya dukani leo, si ile uliyolipa. Wengi hukosea kwenye nguo na jikoni, si kwenye televisheni. Jozi 12 za viatu kwa 3,000 kila moja ni 36,000, na hapo mapazia, magodoro, sufuria na mtungi wa gesi havijaguswa. Risiti na picha vihifadhi kwenye barua pepe. Vikikaa kwenye droo vitaungua pamoja na nyumba.

Soma pia sehemu za mkataba. Sehemu B ni vitu vinavyokaa ndani. Simu, kompyuta ya mkononi na kamera unazotoka nazo ni za Sehemu C, na kila kimoja lazima kitajwe kwa namba yake. Umebadilisha simu mwezi wa tatu? Mkataba bado unalinda ile ya zamani hadi uombe nyongeza ya maandishi. Sehemu D inamhusu msaidizi wa nyumbani akiumia kazini. Ndani ya Sehemu B huwa kuna kikomo kwa kitu kimoja, mara nyingi asilimia 5 ya jumla: kwa bima ya 600,000, televisheni ya 90,000 ambayo haikutajwa peke yake itaishia 30,000. Kikomo hiki hakielezwi vya kutosha wakati wa kuuza, na ni kosa kubwa.

Wizi hulipwa penye dalili za kuvunja: kufuli iliyokatwa, grili iliyopindwa. Aliyeingia kwa ufunguo haachi dalili hizo, na dai hilo kwa kawaida hukataliwa. Nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30, kinga ya wizi nayo husimama katika mikataba mingi. Ukihama, mjulishe wakala kabla ya lori kufika, kwani kinga imefungwa kwenye anwani iliyoandikwa.

Gharama ya kurekebisha kiasi haitishi. Kwa mfano, juu ya ada ya bima ya 10,000 huongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, tozo ya asilimia 0.25 kwa mfuko wa fidia kwa wenye bima, na stempu ya shilingi 40: jumla 10,085. Kutaja kiasi kikubwa kuliko thamani halisi hakuna faida, maana hulipwi zaidi ya hasara.

Unapotuma orodha mpya, dai waraka wa nyongeza wenye tarehe na kiasi kipya. Jibu la "tumepokea" kwenye WhatsApp halibadilishi mkataba.