Kozi ya kuandika skripti niliyoisoma nikiwa Lamu: uzoefu wangu

Mtu wa Lamu anayetaka kuandika filamu au tamthilia za televisheni huambiwa kwanza aende Nairobi. Mimi nina kazi na familia hapa Amu, yaani mji wa Lamu, kwa hiyo nilichukua kozi ya mtandaoni ya kulipia: video za masomo, zoezi kila wiki, na mwalimu anayezisoma kurasa zako na kuzirudisha na maoni. Jina la kozi naliacha. Mengi nitakayoyasema yanazihusu kozi nyingi za namna hii.

Masomo yanaanza na sentensi moja: nani, anataka nini, nini kinamzuia. Yangu ilikuwa hii: kijana wa Matondoni auza kwa siri jahazi la babake ili alipe deni, kisha inambidi alirudishe kabla ya mashindano. Kutoka hapo unaandika muhtasari wa hadithi nzima, halafu orodha ya maonyesho, na mwisho ndipo unaruhusiwa kugusa kurasa zenyewe. Mpangilio huu naupenda. Watu wengi ninaowajua hukimbilia majibizano, wakifika katikati hadithi inawafia mikononi.

Somo lililonifaa kuliko yote ni kwamba skripti haiandiki ila kinachoonekana na kinachosikika. Huwezi kuandika “Nahodha anamkumbuka marehemu mkewe”, kwa sababu kamera haipigi picha kumbukumbu. Unaandika kwamba anafungua sanduku, anatoa kanga iliyokunjwa, anaikunjua mpaka jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lisomeke, anaikunja tena. Nadhani hapa sisi watu wa Pwani tumetangulia. Mwanamke wa mji huu akikasirishwa na jirani hahitaji kufungua mdomo. Hutoka na kanga yenye jina la kijembe, akapita mbele ya mlango, na ujumbe ukafika. Kozi ilitumia video tatu ndefu kueleza namna mhusika anavyosema jambo moja akimaanisha jingine, na mifano yote ilikuwa ya watu wanaogombana mikahawani Marekani. Mimi nilikuwa naiona mitaa ya Langoni, hapa hapa mjini kwetu.

Somo nililobishana nalo ni la kuingia katika onyesho kwa kuchelewa na kutoka mapema: anza pale jambo linapoanza kuwaka, kata kabla halijapoa. Mwalimu alizifuta salamu zote katika kurasa zangu. Kwa aliyelelewa hapa, kumwingiza mhusika nyumbani kwa watu bila hodi wala kuuliza hali ni kumvunjia adabu. Lakini kamera haina wajibu huo, inaweza kuingia salamu zimekwisha na kahawa imeshamiminwa, na hapo nilikubaliana naye. Salamu moja tu nilikataa kuiondoa:

NJE. MKUNGUNI – JIONI

Wanaume wamekaa chini ya mti mbele ya ngome. NAHODHA yumo kati yao, bao liko mbele yake. MWANAWE anapita na ndoo ya samaki.

MWANAWE
Asalaam aleikum.

Wote wanaitikia isipokuwa Nahodha. Anaokota kete.

NAHODHA
(kwa mchezaji mwenzake)
Tuendelee.

Mwalimu aliandika pembeni kwamba hapa hakuna kinachotokea. Nilimjibu kwamba kwa Mwislamu kuitikia salamu ni wajibu, na baba akimnyima mwanawe jibu mbele ya watu, mji mzima utakuwa umeshajua kabla ya isha. Akarudi na ushauri ambao peke yake ulistahili ada niliyolipa: mweke mzee mmoja anayelitambua jambo hilo, ainue macho kutoka kwenye bao, amtazame baba kisha mwana. Mtazamaji asiyejua mila zetu atayafuata macho ya mzee huyo, na anayezijua hatahisi kwamba anafundishwa. Nimelitumia hilo mara nyingi tangu siku ile.

Upande wa umbo la ukurasa kozi imefanya kazi nzuri. Herufi ni Courier ya ukubwa wa 12, ambayo kila herufi yake ina upana sawa, na ndiyo sababu ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Filamu ndefu huwa na kurasa kati ya 90 na 120. Hayo ni makadirio tu. Majibizano ya haraka huisha upesi, ilhali mstari mmoja wa “jahazi linapita mkondo wa Mkanda” waweza kula dakika nzima. Mimi huzisoma kurasa zangu kwa sauti, saa ya simu ikihesabu. Kwenye kichwa cha onyesho kozi inataka INT. au EXT., mahali, kisha mchana au usiku. Ninaandika NDANI na NJE, na pale mwanga unapokuwa na maana ninaandika ALFAJIRI au MAGHARIBI. Mpiga picha anayefanya kazi mji huu anajua ni mwanga gani.

Sehemu ya televisheni ndiyo dhaifu. Imejaa desturi za vituo vya Marekani: tamthilia ya saa moja ina dakika arobaini na kitu za hadithi yenyewe, kichekesho cha nusu saa kina kama 22, na hadithi hugawanywa kufuata matangazo ya biashara. Kilichonifaa ni kujifunza kufunga kila sehemu kwa swali litakalomrudisha mtazamaji, na kuandaa hati inayoeleza wahusika, ulimwengu wao na safari ya vipindi vyote. Tamthilia za Kiswahili za kila siku, ambazo ndizo zenye nafasi ya kazi kwetu, hazikuguswa kabisa.

Malalamiko makubwa ni lugha. Kurasa zote ziliwasilishwa kwa Kiingereza, na wahusika wangu walipoteza nusu ya uhai wao. Kijembe cha Kiamu ukikigeuza Kiingereza kinabaki maelezo. Niliandika kwanza kwa Kiswahili, nikawasilisha tafsiri, na asili yake ndiyo niliyoihifadhi. Pia video zilikuwa nzito na hazikuruhusu kupakuliwa, na bando za hapa si rahisi.

Programu waliyoipendekeza ni ya kulipia. Huihitaji. Trelby ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows na Linux bila intaneti, na inakupangia ukurasa yenyewe. Mwenye simu tu aandike kwa mtindo wa Fountain, ambao ni maandishi ya kawaida yanayogeuzwa kuwa skripti baadaye. Ila Fountain hutambua INT na EXT, haitambui NDANI wala NJE, kwa hiyo tanguliza nukta: .NJE. MKUNGUNI – JIONI.

Kuhusu haki, kozi ilieleza jinsi ya kusajili skripti kwa chama cha waandishi cha Marekani. Aliye Kenya aende KECOBO, bodi ya hakimiliki, ambako usajili hufanywa mtandaoni. Sheria hulinda maandishi uliyoyaandika, hailindi wazo ulilosimulia barazani, basi andika kwanza ndipo usimulie.

Ningemshauri achukue kozi ya namna hii mtu ambaye tayari ana hadithi na anakosa mtu wa kumsomea kwa makini, kwa sababu video unaweza kuzipata bure kwingine, lakini maoni ya mwalimu hupati. Kabla ya kulipa waulize mambo mawili: ni kurasa zako ngapi zitasomwa, na kama kuna mwalimu anayesoma Kiswahili. Wakikosa jibu la swali la kwanza, usitoe pesa yako.