Kitanda cha kupumzikia barazani: kipi ununue, kipi ukiwache palepale kilipo

Haya jamani, kila nikikaa barazani kwangu jioni lazima apite mtu aulize "yakhe hicho kitanda umekitoa wapi, na mie nataka", basi nikaona bora niandike mara moja nimalize. Nazungumzia vile vitanda vyembamba vya mchana, wanakaa watu watatu na vikombe vyao vya kahawa halafu wageni wakishaondoka unajinyoosha. Mahotelini wanaita deibedi na bei wanayokutajia unaweza ukakaa chini. Kwetu kilikuwa kitanda tu.

Kabla ya yote pima. Magodoro ya dukani yanakuja futi 2.5 kwa 6, 3 kwa 6, na kuendelea, sasa fremu za zamani hazikujua hayo, ukinunua kichwa kichwa utakuja kukata godoro jipya kwa kisu cha jikoni. Na kama unakaa Mji Mkongwe wa Unguja pima na ngazi, khasa pale inapopinda.

Namba moja kwangu mie ni cha zamani kidogo, sio antiki, vile vya enzi za bibi zetu vyenye matendegu (ndio miguu yake) ya kukerezwa na kamba katikati. Mashamba na Pemba bado vipo vingi, watu wamevisukumia nyuma ya nyumba kuku wanataga chini yake. Changu nimekitoa karibu na Wete, bibi mwenyewe aliniambia chukua mwanangu, sisi tushahamia kwenye sponji, nikampa pesa akaniona mjinga. Uzuri wake kinafunguka chote, matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, unafunga furushi moja unapanda nalo boti.

Kukikagua kipindue miguu juu. Angalia matundu ya kamba kwenye mfumbati: kitanda kilicholaliwa kweli tundu lake haliwi duara tena, limelika upande mmoja, kwa sababu kamba imevuta kuelekea katikati miaka na miaka, pitisha kidole utahisi kijifereji laini kama kimepigwa msasa. Tundu likiwa duara safi na kingo kali basi limetobolewa juzi, hata mbao ipakwe rangi nyeusi vipi. Halafu chomoa mfumbati kwenye tendegu uangalie ulimi wake, ukiwa umekatika au umepigiliwa msumari kiwache. Mwisho gongagonga, ukianguka unga mweupe mweupe mpya dumuzi wamo na wanakula mpaka leo, vitundu vikavu visivyotoa kitu sio kesi.

Kunguni: toa kamba zote za zamani uzichome, mimina maji yanayochemka kwenye kila tundu na kila kiungo, anika juani siku tatu ndio uwambe upya. Usiwambe kabla, utakuja kunikumbuka usiku. Kamba ya usumba, yaani ya makumbi ya nazi, ndio yenyewe, inapitisha hewa na inashika, ya nailoni rahisi na rangi zake nzuri lakini inateleza, na ukilala juu yake na kanzu nyepesi inachora mgongo.

Na kuna jambo watu hawalisemi dukani. Vitanda vya kamba ndivyo vilivyokuwa vikioshewa maiti juu ya mfuo, lile shimo la kupokelea maji, kwa hivyo uliza kwa adabu kimetoka wapi. Mie sina tatizo, nilipofika nacho nyumbani mama mkwe akasimama mlangoni kauliza "kisije kikawa cha msikitini hicho?" na hakukikalia mpaka nilipompigia simu yule bibi wa Wete akamhakikishia mwenyewe kuwa walikuwa wakilala wanawe.

Namba mbili, kipya cha fundi wa hapahapa. Ukitaka kitoshee godoro na baraza yako bila kuhangaika hichi ndicho, na kama huna wa kukutafutia shamba basi kiweke cha kwanza, sitakugombeza. Ila nunua mbao mwenyewe. Mninga, mtiki, au mfenesi, mfenesi ukiwa mpya una njano kali watu wanaukimbia, subiri utakuja kahawia yake nzuri, cha muhimu fundi asikuwekee ile sehemu nyeupe ya nje maana hiyo ndio wadudu wanaanzia. Mie niliwahi kumuachia fundi mmoja, jina lake nalihifadhi, akanichongea cha mwembe akakipaka rangi ya mninga, kinang'aa wallahi, masika yalipokwisha nafagia chini nakuta unga kama wa sembe. Siku hizi nakwenda kukiona kabla hakijapigwa vanishi, na fundi anayekataa kukionyesha bado cheupe ushajua.

Namba tatu antiki. Tuelewane kwanza, kwa wenye biashara hiyo antiki ni kitu cha miaka 100 na zaidi, vintiji ni kichanga zaidi ya hapo, sasa madukani mjini kila kilichopakwa vumbi kinaitwa antiki. Kabla hujatoa pesa nenda kwenye makumbusho ya Kasri pale Forodhani, uliza kwanza kama yako wazi, ukaone samani za masultani zilivyo, jicho likishazoea huibiwi ovyo. Samadari za kweli, vile vitanda vikubwa vya nakshi za Kihindi, zina raha yake lakini ziko juu sana, kwa barazani bi mkubwa mwenye magoti atapanda vipi? Wapo wanaokata miguu au nguzo za kitanda kikubwa wakauza kama cha kupumzikia, angalia chini ya mguu, mkato wa msumeno mpya haufichiki. Na kikiwa kimetiwa pembe za ndovu fikiria mara mbili, nchi zilikubaliana 1989 kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa, ukitaka kumpelekea mtoto wako Ulaya kinaweza kikaishia uwanja wa ndege.

Namba nne, used za kontena na za kisasa kutoka nje. Zipo nzuri, zipo za kulia. Kuna ile ya ngozi yenye mto mmoja wa mviringo kichwani, ya asili aliichora msanifu majengo Mies van der Rohe mwaka 1930, zinazotufikia sisi ni kopi za ngozi bandia na kwa joto la Februari unainuka umenata kama kashata. Za chuma sawa kama uko ndani ndani, ukiwa karibu na bahari kutu inaanza kwenye viungo na kanzu nyeupe zote zinapata alama.

Za mwisho ni za MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Masika moja tu inavimba kama mkate wa kumimina. Basi.

Godoro usiweke nene, inchi 4 zinatosha, ukipata la sufi bora zaidi, na takia mbili za kuegemea ukutani. Kamba mpya italegea wiki mbili tatu za mwanzo, usimfokee aliyewamba, mwite aje aikaze. Na mnaotaka kuja kukiona changu njooni baada ya laasiri, kabla ya hapo ndio niko juu yake.