Alama ya kijani na siku 26 bila bekapu: uzoefu wangu baada ya kuhamia Windows 11

Kwa miaka sita nimekuwa nikilipia programu moja ya kuhifadhi nakala rudufu, au bekapu kama wengi wetu tunavyoiita, na kwa muda wote huo sikuwahi kuwa na neno baya la kuisema. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa yaliyonipata yalichangiwa pia na uzembe wangu mwenyewe. Mimi ni mhariri wa vitabu, nafanyia kazi nyumbani Morogoro, na kompyuta mpakato ninayoitumia niliinunua mwaka 2019 ikiwa na Windows 10. Microsoft ilikwisha kutangaza kwamba huduma ya bure kwa mfumo huo ingekoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa bahati nzuri kichakataji (prosesa) cha mashine yangu ni cha kizazi cha nane, ambacho ndicho cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11 kwa vichakataji vya Intel vya aina hiyo. Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 20 Septemba nilibonyeza kitufe, nikaenda kupika, na niliporudi baada ya saa mbili na ushei mfumo mpya ulikuwa umeshakaa.

Ulipowaka kwa mara ya kwanza uliniuliza maswali kadhaa, na mojawapo lilikuwa kama ningependa folda zangu za Documents, Desktop na Pictures zilindwe kwa OneDrive, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Nilikubali bila kusoma, jinsi mtu anavyotia saini risiti ya mzigo akiwa na haraka ya kuondoka. Kona ya chini ya skrini, ile programu yangu ya bekapu ilikuwa bado ipo, ikiwa na alama yake ya vyema ya rangi ya kijani, nami nikaamini kwamba imehama nami salama.

Tarehe 16 Oktoba mwandishi mmoja aliniomba nimrudishie sura ya nne kama ilivyokuwa kabla ya marekebisho ya mwisho wa Septemba. Hilo ni ombi la kawaida katika kazi yangu, na ndiyo sababu hasa ya kulipia programu inayotunza matoleo ya zamani ya faili. Niliifungua, nikaitafuta folda ya kitabu, nikakuta toleo la mwisho ni la usiku wa tarehe 19 Septemba. Nilitazama vitabu vingine vyote na tarehe ilikuwa ileile. Siku 26 nzima hakuna hata aya moja iliyonakiliwa, na ile alama ya kijani haikubadilika rangi hata siku moja.

Ilinichukua jioni nzima kuelewa kilichotokea, na nitakieleza kwa urefu kidogo kwa sababu hakuna ujumbe wowote wa hitilafu uliotokea. Nilipokubali lile swali la OneDrive, folda yangu ya Documents ilihamishwa kutoka mahali pake pa zamani chini ya jina langu la mtumiaji, ikawekwa ndani ya folda ya OneDrive. Faili zote zilikuwa bado zimo katika diski ya ndani ya kompyuta, na nilipozifungua kwa njia ya kawaida sikuona tofauti yoyote. Hata kiasi chake kiliruhusu uhamisho huo upite kimya, kwa kuwa maandishi matupu ya miaka kumi na moja hayafiki GB 4, nayo OneDrive inatoa GB 5 bila malipo. Lakini programu ya bekapu ilikuwa imeelekezwa kwenye njia ya zamani. Kila usiku ilikwenda pale, ikakuta folda tupu, ikaona kwamba hakuna jipya la kunakili, ikajipongeza kwa kazi iliyokamilika bila kosa. Kwa maana finyu haikusema uongo.

Hapa ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Programu inayoona folda yenye faili elfu kadhaa ikibaki bila faili hata moja kwa usiku mmoja, kisha isimwambie mwenyewe chochote, haijafanya kazi niliyoilipia. Isitoshe, masharti yake yanasema kwamba faili iliyofutwa kwenye kompyuta hutunzwa upande wa bekapu kwa siku 30 tu, na kwa hesabu zake faili zangu zote zilikuwa zimefutwa tarehe 20 Septemba. Nilibakiza siku nne kabla matoleo ya miaka sita hayajasafishwa. Usiku uleule niliyapakua yote kwenye diski ya nje, nikatumia bando la intaneti ambalo nilikuwa nimelinunua kwa kazi nyingine kabisa.

Kurudi Windows 10 hakukuwezekana tena. Baada ya kupandisha toleo, mfumo wa zamani huwekwa katika folda iitwayo Windows.old, na kwa kawaida nafasi ya kurudi nyuma hudumu siku kumi tu. Mimi nilikuwa nimezipita zamani.

Tatizo la pili lilijitokeza nilipojaribu kutengeneza nakala ya diski nzima, yaani picha kamili ya mfumo pamoja na programu zake, ambayo mtu huirudisha diski inapokufa. Kazi ilifika asilimia mbili ikakatika, na kumbukumbu za programu zikaandika kwamba hakuna nafasi ya kutosha ya kuunda nakala kivuli. Nilishangaa, kwa sababu diski C ilikuwa na GB 180 tupu. Niliwaandikia watoa huduma. Jibu la kwanza lilikuja baada ya siku tatu, likinitaka nipunguze faili kwenye diski C. La pili likasema kwamba toleo nililolilipia halijathibitishwa kwa Windows 11 na kwamba ninunue jipya. Nilimpelekea kijana fundi mmoja wa mjini, ambaye alinipa shikamoo, akaikagua mashine kwa dakika tano, kisha akasema, «Mama, hapa dawa ni tuipige windo upya.» Nilimshukuru nikaondoka nayo, maana kupiga windo upya, yaani kusakinisha Windows toka mwanzo, ukiwa huna bekapu inayoaminika ni kubomoa nyumba ili kutafuta ufunguo.

Jibu lilikuwa mahali ambapo sikuwahi kuangalia. Programu nyingi za bekapu katika Windows hutegemea huduma ya nakala kivuli, ambayo huigandisha hali ya diski kwa wakati mmoja ili hata faili zilizofunguliwa ziweze kunakiliwa bila kuvurugika. Kwanza niliikagua huduma yenyewe kwa kufungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika vssadmin list writers. Washiriki wake wote walionyesha hali tulivu bila kosa. Kisha nikafungua dirisha la usimamizi wa diski, nikaona kwamba diski yangu haina sehemu moja bali tatu: patisheni ndogo ya kuwashia mfumo, patisheni kubwa ya C, na patisheni ya urejeshi, inayotunza zana za kuurekebisha mfumo ukishindwa kuwaka, yenye takribani MB 530. Nakala ya diski nzima huzihusisha zote. Kanuni ni kwamba patisheni iliyozidi MB 500 inahitaji angalau MB 320 tupu ili nakala kivuli iundwe, ilhali ile iliyo chini ya MB 500 inatosheka na MB 50. Mazingira ya urejeshi ya mfumo mpya yalikuwa makubwa kuliko ya zamani, na patisheni ile ilibaki na MB 70 tu.

Kuipanua si kazi ya kufanya ukiwa na usingizi. Nilizima kwanza mazingira ya urejeshi kwa amri ya reagentc /disable, nikapunguza patisheni ya C kwa MB 500, nikaifuta ile ya urejeshi na kuiunda upya ikiwa kubwa zaidi, kisha nikayawasha tena. Microsoft ilikwisha kuchapisha maelekezo ya hatua hizi, na niliyafuata hatua kwa hatua nikiwa nimeyachapa kwenye karatasi. Betri ilikuwa imejaa na waya wa umeme ukiwa umechomekwa, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi ya patisheni hakuna wa kumlaumu. Baada ya hapo nakala ya diski nzima ilikamilika kwa saa moja na dakika kumi, kwa programu ileile ambayo niliambiwa ninunue toleo jipya.

Hata hivyo nimebadilisha mpangilio. Niliondoa idhini ya OneDrive, nikazirudisha faili mahali pake kwa mkono, kisha nikawasha File History, zana ya bekapu ya Microsoft yenyewe, ambayo bado imo ndani ya Windows 11 ingawa sasa inapatikana kupitia Control Panel peke yake. Hunakili mabadiliko kila saa diski ya nje inapokuwa imechomekwa, na uzuri wake ni kwamba matoleo yake ni faili za kawaida zilizoongezewa tarehe na saa katika jina, hivyo naweza kuyafungua kwenye kompyuta yoyote bila programu maalumu. Mtu ajue tu kwamba saa hizo ni za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko saa tatu nyuma ya zetu. Mara ya kwanza nilidhani imenakili faili kabla sijaiandika.

Kwa diski ya pili, inayokaa kwa dada yangu anayeishi Kihonda, natumia robocopy, amri ya kunakili faili iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Hii nayo ina makali yake. Kigezo cha /MIR huifanya diski ya bekapu ifanane kabisa na chanzo, kwa hiyo laiti ningekuwa nacho Septemba, kikielekezwa kwenye ile folda tupu, kingefuta kila kitu upande wa pili. Ndiyo maana kila mara natanguliza /L, kinachoorodhesha kitakachofanyika bila kugusa faili, na orodha ya vitakavyofutwa ikinishangaza, nasimama. Vilevile usishtuke ukiona kazi imemalizika kwa namba 1, ambayo kwa amri hii maana yake ni kwamba faili zimenakiliwa vizuri. Ni kuanzia 8 ndipo kuna jambo lililoshindikana.

Ile programu ya kulipia naipa nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya miaka sita ya utulivu, na ya pili ni kwa sababu ilipopata nafasi ya kutosha ilifanya nakala ya diski nzima bila tatizo, na nilipoirudisha kwenye diski tupu ya majaribio mfumo uliwaka. Ada ya mwaka, ambayo kwa fedha zetu haipungui laki moja, inakwisha Machi na sitailipa tena. Kuhusu ile sura ya nne, toleo lililotakiwa nililipata mwishowe likiwa limeambatishwa kwenye barua pepe ambayo mwandishi mwenyewe alinitumia tarehe 24 Septemba.