OmegaT na AGROVOC kwa mtafsiri wa huku Mtwara: ni nzuri ila Kiswahili kinaipa tabu

Kama unatafsiri mambo ya korosho, viuatilifu, mikataba ya ghala na vitu vya namna hiyo, OmegaT (programu ya kompyuta ya kusaidia watafsiri) ichukue kwanza maana ni bure, halafu AGROVOC, hazina ya istilahi za kilimo, ifungue pembeni kwenye brauza. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Ukiwauliza watafsiri wengi watakwambia nenda IATE. Sawa, hiyo ni databesi ya istilahi ya Umoja wa Ulaya, ina lugha zote 24 rasmi za huko na kila neno limewekewa nyota kuanzia moja mpaka nne ujue linaaminika kiasi gani, kazi safi kabisa nakubali. Ila Kiswahili hamna. UNTERM ya Umoja wa Mataifa nayo msingi wake ni zile lugha 6 rasmi za kwao. Kwahiyo mi hizo naziendea kwa upande wa Kiingereza na Kireno tu, si unajua sisi huku ukivuka Ruvuma pale Daraja la Umoja ushafika Msumbiji, na karatasi za Kireno hazikosekani.

AGROVOC ndo imenikaa moyoni. Ni ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mambo ya kilimo, chakula na uvuvi, lugha zaidi ya 40 na Kiswahili kimo. Raha yake haikupi neno kwa neno kama kamusi, inakupa dhana, yani kila dhana ina namba yake na chini yake zimepangwa lugha zote, unaona na dhana iliyo juu yake na zilizo chini yake, na kama ni mmea au mdudu unapata na jina la kisayansi. Hilo jina la kisayansi mi naona ndo kila kitu, kwasababu sehemu ya Kiswahili mara nyingi unaikuta tupu (msidhani nadanganya, nendeni mkaangalie), sasa ukiwa na Kilatini mkononi unaenda TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, unamuuliza mtaalamu hiki mkulima anakiitaje, anakwambia hapo hapo. Ugonjwa kama ubwiri unga hauwezi kuubuni ukiwa umekaa chumbani, mkulima analo jina lake tayari na bwana shamba analo hilo hilo.

Hizi kamusi za mtandaoni ambazo kila mtu anaingiza neno lake sitazitaja, ila kuweni makini jamani. Kuna moja unatafuta sulphur inakuletea kiberiti. Kamusini ni sahihi sikatai, lakini andika kwenye kipeperushi cha Newala "pulizia kiberiti kwenye mikorosho" uone utaitwa nani. Huku ni salfa, basi.

Sasa ukishapata neno unaliweka wapi, hapo ndo OmegaT inapoingia. Ndani ya kila projekti kuna folda la glosari, na glosari yenyewe ni faili la maandishi ya kawaida tu, safu tatu zimetenganishwa na tabo: neno la lugha chanzo, tafsiri, na maelezo. Ukiwa katikati ya kazi unabonyeza Ctrl+Shift+G unaongeza neno bila kutoka, na likitokea tena mbele linajitokeza lenyewe pembeni. Ile safu ya tatu msiiache wazi, mi naandika nimelitoa wapi na mteja gani ndo analitaka hivyo, maana mteja mmoja anataka "stakabadhi ya ghala" mwingine anataka "stakabadhi ghalani" na wote wanalipa. Na haihitaji intaneti, bando likiisha au mtandao ukisumbua wewe unaendelea tu.

Kasoro yake kubwa ni hii. Ukitafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili mambo yanaenda vizuri, geuza sasa Kiswahili kiwe ndo chanzo uone. Lugha yetu inabadilikia mbele, hizi programu nyingi zimezoea maneno yanayobadilikia mkiani, kwahiyo umeweka "mkorosho" kwenye glosari halafu matini inasema "mikorosho", kimya. Majina unaweza kuyadanganya kwa kuweka mstari wa umoja na mstari wa wingi, ghala na maghala, inachosha lakini inawezekana. Vitenzi sasa? Kubangua, imebanguliwa, zilizobanguliwa, wabanguaji, utaandika mistari mingapi. Mi vitenzi nimeachana navyo, naweka mzizi kwenye faili la pembeni natafuta "bangu" kwa mkono.

Faili la glosari mlisevu kwa UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi), la sivyo zile ã na ç za Kireno zinageuka alama za ajabu. Na kama kazi yako ni vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa wala usijisumbue na haya yote, maneno ni yale yale, hapo tafuta vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya BAKITA inatosha.

Wakati wa kudaunilodi chukua ile OmegaT yenye Java (programu inayoiwezesha kufunguka) ndani yake, ni nzito zaidi ila ukichukua isiyo nayo na kompyuta yako haina Java haitafunguka, utarudi tena mtandaoni kuitafuta na MB zitakuwa zimeshakatika.