Loki ya difu kwenye F-150 yangu: miaka miwili ya tope na theluji Vermont

Nimefunga loki ya kampuni ya Eaton, ile inayoitwa ELocker, kwenye difu ya nyuma ya Ford F-150 yangu ya 2006. Difu ni gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya ekseli; loki inayafunga mawili hayo yazunguke pamoja. Imepita majira mawili ya theluji na mawili ya tope, na leo ningeinunua tena. Ila sikuichagua kwa sababu ya tope. Tope ndilo lililonipeleka dukani. Barafu ndiyo iliyoamua ninunue ipi.

Naishi kaskazini mwa Vermont, Marekani. Zaidi ya nusu ya barabara za jimbo hili hazina lami. Kuanzia Machi hadi karibu Mei huja kipindi ambacho wenyeji wanakiita majira ya tope, na wanakihesabu kabisa kama majira ya mwaka. Ardhi inakuwa imeganda kwenda chini sana, halafu jua linayeyusha sehemu ya juu tu. Maji hayana pa kwenda kwa sababu chini yake bado kuna barafu ngumu kama sakafu, kwa hiyo udongo wa juu unageuka uji. Mimi nimekulia Katesh, Tanzania, chini ya Mlima Hanang, na nimeendesha Hilux kwenye udongo mweusi wa mbuga masika yote. Nilidhani tope nalijua. La huku lina tabia nyingine: alfajiri barabara imeganda, unapita kama kwenye saruji; ikifika saa nane mchana ni hiyohiyo barabara, na gari limezama hadi kwenye ekseli.

Na kazi yangu ndiyo inanilazimisha kupita saa nane mchana. Nakusanya maji matamu ya miti ya mepo (maple), yanayochemshwa kuwa sirapu, kwa mzee mmoja mwenye msitu. Maji hayo hutoka usiku ukiganda na mchana ukipata joto, yaani katika wiki zilezile za tope. Inahitajika kama lita 40 za maji kupata lita moja ya sirapu, kwa hiyo safari haziishi. Nyuma ya pikapu nabeba tangi la lita 500, na njia ya kuingia msituni ni ya daraja la nne, aina ya barabara ambayo halmashauri ya mji haiihudumii majira ya baridi.

Mwaka wa kwanza wa kazi hii, kabla sijafunga loki, nilinasa vibaya. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa kwenye kivuli cha miti, juu ya barafu iliyobaki. La kushoto lilikuwa juu ya changarawe safi. Nikaweka fo-wili, nikakanyaga. Gurudumu la kulia likazunguka kama feni, la mbele moja nalo likazunguka, na hayo mengine mawili yakatulia tuli. Nilikaa pale saa mbili nikisubiri trekta.

Watu wengi husema difu ya kawaida inapeleka nguvu yote kwenye gurudumu linaloteleza. Sivyo. Inagawa nguvu sawa kwa sawa, na hapo ndipo tatizo lilipo. Gurudumu lililo juu ya barafu halimudu kupokea ila kiasi kidogo kabla halijateleza, na lenzake lililo juu ya changarawe linapewa kiasi kilekile kidogo, hata kama lingeweza kusukuma mara kumi zaidi. Fo-wili haiondoi shida hiyo. Inakuongezea ekseli ya pili yenye shida ileile. Magari mapya mengi hupunguza tatizo kwa kompyuta inayokamata breki ya gurudumu linaloteleza. Langu la 2006 halina mfumo huo.

Kabla ya kununua chochote nilifungua mlango wa dereva nikasoma kibandiko. Kwenye F-150 za miaka hiyo kuna namba ya ekseli: ikiwa ni tarakimu tupu, difu ni ya kawaida, ikiwa ina herufi, ilitoka kiwandani na difu ya klachi, ile inayopunguza kuteleza kwa sahani zinazosuguana. Yangu ilikuwa tarakimu tupu. Sikusikitika sana, maana sahani zile huisha polepole, na gari kuukuu lenye herufi kwenye kibandiko huenda lina difu ya kawaida kwa matendo.

Mzee mwenye msitu aliniambia ninunue loki ya kujifunga yenyewe. Ni rahisi kuliko zote: hubadilishi nyumba ya difu, unatoa gia ndogo za ndani na kuweka vipande vyenye meno. Haina swichi wala waya. Magurudumu yote mawili yanasukuma wakati wote, na ukikata kona la nje linaachiliwa lizunguke kwa kasi zaidi, kwa mlio wa tak-tak-tak. Kwa tope ni kifaa kizuri kabisa, na bei yake niliyoulizwa ilikuwa karibu theluthi ya zile nyingine. Nilikuwa karibu kulipa.

Kilichonizuia ni siku moja ya Januari. Gari langu lilikuwa limeharibika, kaka mmoja wa Burundi anayeishi Winooski akaniazima pikapu yake yenye loki ya namna hiyo. Barabara ilikuwa na barafu nyembamba juu na imeinama kidogo kuelekea mtaroni. Nilikuwa kwenye mwendo wa mtu anayekimbia, nikaongeza mafuta kidogo tu kupanda kilima. Mkia wa gari ukaanza kushuka pembeni, taratibu, bila kelele, kama mtu anayetelezesha sahani mezani. Niliachia mafuta nikiwa na nusu mita kabla ya mtaro. Nilipomrudishia gari nikamweleza.

"Pole sana, kaka. Kosa langu," alisema. "Ningekuambia usikanyage mafuta kwenye ubavu. Hiyo difu haikuachii mguu wa kusimamia."

Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo. Difu ya kawaida ikiteleza kwenye barafu, gurudumu moja huzunguka na la pili hubaki limeshika chini, likiuzuia mkia usiende pembeni. Difu iliyofungwa ikiteleza, yote mawili yanateleza pamoja, na hapo hakuna kinachoshikilia mkia. Unakwenda mteremko unakokupeleka. Kwenye tope lenye mabonde ya tairi pande zote jambo hilo si kitu, maana mabonde yenyewe yanakushika. Kwenye barabara iliyoinama yenye barafu, ni hatari ya kweli.

Basi nikajua ninachotaka: loki inayofunga kabisa nikiitaka, na inayopotea kabisa nisipoitaka.

Difu ya gia za mshazari kama Truetrac niliifikiria kwa muda mrefu. Haina sahani za kuisha, haina swichi, na kwenye theluji ni tulivu sana. Mtu anayeendesha mjini na barabara za theluji tu, bila msitu, ningemshauri hiyo bila kusita. Lakini inafanya kazi kwa kuzidisha nguvu ya upande dhaifu mara kadhaa na kuipa upande wenye mshiko. Gurudumu likining'inia hewani, upande dhaifu ni sifuri, na sifuri uizidishe utakavyo. Kuna ujanja wa kukanyaga breki kidogo huku unakanyaga mafuta ili kuipa kitu cha kuzidisha, na unasaidia, ila kwenye njia yangu gurudumu huning'inia kila siku. Sikutaka maisha ya ujanja.

Zikabaki mbili. ARB Air Locker ya Waaustralia inafungwa kwa upepo: inahitaji kompresa, bomba la upepo hadi kwenye difu na sili zisizovuja. Ina faida kubwa, kompresa hiyohiyo inajaza tairi, na kwa anayeshusha upepo wa tairi kwenye mchanga au tope hiyo si faida ndogo. ELocker inafungwa kwa sumaku ya umeme: swichi, rilei, fyuzi, waya unaoingia kwenye difu. Nilichagua waya. Huku joto linashuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na unyevu ulio ndani ya bomba la upepo huganda. Wapo wanaoishi nayo vizuri kwa kukausha upepo wao. Mimi nilitaka vitu vichache vya kuangalia saa kumi na moja asubuhi nikiwa na glavu.

Nililipa dola 1,050 kwa loki, 150 kwa beringi, shimu (pete nyembamba za kurekebisha nafasi) na sili, na 600 kwa fundi. Hapo kwenye fundi naomba usome polepole. Ukibadilisha nyumba ya difu unahamisha krauni, ile gia kubwa ya difu, na nafasi kati ya meno yake na ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha, inapimwa kwa sehemu za milimita. Gereji ya kwanza niliyokwenda ilirudisha shimu za zamani ilivyozikuta na kunikabidhi gari siku hiyohiyo. Nikifika kilomita 80 kwa saa, difu inalia mluzi. Nikapeleka kwingine. Fundi wa pili alipaka rangi kwenye meno, akazungusha, akaangalia alama imekaa wapi, akafungua tena mara tatu. Siku mbili nzima. Mluzi ukaisha. Kwa hiyo muulize fundi wako swali moja kabla ya kumpa kazi: utapaka rangi kwenye meno? Akikuangalia kama hajakuelewa, ondoka.

Jambo dogo la oili: Eaton wanataka oili ya madini 80W-90 GL-5, siyo ya sanisi, na loki hii haihitaji ile dawa ya kuchanganya inayowekwa kwenye difu za klachi.

Kwenye tope imebadilisha kazi yangu. Mahali pale niliposubiri trekta sasa napita nikiwa na tangi limejaa, fo-wili ya chini (ile ya mwendo wa polepole wenye nguvu), loki imewashwa, injini haipigi hata kelele. Tofauti haiko kwenye nguvu. Iko kwenye utulivu: magurudumu mawili yanayozunguka polepole kwa pamoja hayachimbi, wakati moja linalozunguka kwa kasi linajichimbia kaburi. Kaka yangu aliyeko Katesh, dereva kama mimi, aliniuliza kwa simu, "Sasa unaiwasha ukishazama au kabla?" Kabla. Nasimama mwanzo wa sehemu mbaya, nabonyeza, nasogea mita moja mpaka nisikie imeshika, ndipo naingia. Ukishazama ukaanza kuzungusha tairi, unaiomba ifunge wakati magurudumu yanapishana kwa kasi, na unaitesa bure.

Kuna tabia moja ya ELocker hii ambayo mnunuzi aijue mapema. Ukibadili kutoka mbele kwenda nyuma, inaachia kidogo kisha inajifunga upya upande wa pili, unasikia dung! chini. Ukiwa unatikisa gari mbele na nyuma ili litoke, kila badiliko linakugharimu mzunguko kidogo wa gurudumu moja. Nimezoea kungoja mshiko kabla ya kukanyaga. Kwa anayejikwamua zaidi kwa kutikisa, ARB haina tabia hiyo.

Kwenye theluji naitumia kwa sehemu ndogo sana: kuanza kuondoka kwenye maegesho yaliyofukiwa, kupanda njia ya mzee kabla haijasafishwa, basi. Gari likishasogea naizima. Ikiwa imewashwa, gari linagoma kukata kona. Unageuza usukani na pua inaendelea mbele. Na loki yoyote ile haikusaidii kusimama hata kwa sentimita moja. Kilichonisaidia kusimama ni tairi za baridi zenye alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kama una pesa ya kitu kimoja tu na shida yako ni theluji, nunua tairi hizo, loki isubiri mwaka kesho.

Majira ya pili ya baridi iligoma. Taa ya swichi ilikuwa inawaka, nikaamini imefunga, na haikuwa imefunga. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ilikuwa imekula kiungo cha waya juu ya ekseli. Kwangu taa inaonyesha tu kwamba umeme umetoka kwenye swichi. Nilikata kiungo, nikaunganisha upya na kupaka grisi ya umeme, nikaupandisha waya juu zaidi, mbali na mawe na vipande vya barafu. Sasa kila Oktoba naukagua kwa mkono.

Kaka yangu anatafuta Hilux iliyotumika, na kule nyumbani nyingi kati ya Hilux na Land Cruiser pikapu zenye kitufe cha loki zimetoka nacho kiwandani, hana haja ya kupitia haya yote. Ila kitufe kuwepo si loki kufanya kazi. Injini ndogo inayoisukuma hukaa miaka bila kuguswa ikaganda kwa kutu. Nimemwambia aweke vizuizi magurudumu ya mbele, ainue ya nyuma yote mawili juu ya stendi, aweke gia, kisha azungushe moja kwa mkono. Loki ikiwa imezimwa, lenzake litazunguka kinyume. Halafu awashe swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, aweke fo-wili ya chini, abonyeze kitufe na kulitikisa gurudumu kidogo ili meno yaingiane. Likikataa kuzunguka kabisa, loki ni nzima. Likiendelea kuzunguka, apunguze bei au aondoke.