Tathmini: NVMe/TCP yenye TLS kwenye Linux, hasa pale ufunguo unapobadilishwa

Tangu kerneli 6.7 itoke Januari 2024, Linux inaweza kuunganisha diski za mtandaoni kwa NVMe/TCP huku data yote ikisimbwa kwa TLS 1.3, itifaki ya kulinda mawasiliano ya mtandao. Kazi imegawanywa mara tatu. Draiva ya nvme-tcp hupeleka amri za diski, kTLS husimba na kusimbua rekodi (vipande vya data ambavyo TLS hutuma) humo humo ndani ya kerneli, na tlshd, programu ndogo ya kifurushi cha ktls-utils, huendesha mapatano ya mwanzo ya TLS nje ya kerneli kisha huikabidhi kerneli funguo zilizopatikana.

Kusakinisha hakusumbui. Hakikisha kerneli imejengwa na CONFIG_NVME_TCP_TLS, tengeneza siri ya pamoja kwa `nvme gen-tls-key`, iingize pande zote mbili kwa `nvme check-tls-key --insert`, andika `keyrings=.nvme` chini ya `[authenticate]` kwenye faili la mipangilio la tlshd, kisha `nvme connect` ukiongeza `--tls`. Kumbuka kwamba funguo zilizoingizwa hivyo hupotea mashine ikizimwa, kwa hiyo panga ziingizwe upya kila inapowaka, kabla ya kuunganisha diski. Hadi hapo mfumo huu unastahili sifa zake zote.

Mtihani wenyewe ni muunganisho unaodumu. Tovuti hufungua muunganisho na kuufunga baada ya sekunde chache, lakini diski hubaki imeunganishwa miezi. RFC 8446, waraka unaoeleza TLS 1.3, inaweka mpaka kwa AES-GCM, mbinu ya kusimba: ufunguo mmoja usisimbe zaidi ya rekodi kamili 2^24.5, yaani takriban milioni 24. Rekodi kamili ni baiti 16,384, kwa hiyo mpaka huo ni kama GB 388. Foleni moja (mkondo mmoja wa amri za diski) ikijaza laini ya gigabiti 10 kwa sekunde inaufikia kwa dakika tano hivi, na kwa gigabiti 100 ni nusu dakika. Kila foleni ya NVMe/TCP ni muunganisho wake wenye funguo zake, na kila upande una wake wa kutuma, kwa hiyo mzigo uliogawanyika kwenye foleni nyingi huchelewesha siku hiyo bila kuiondoa. Seva inayosomwa sana huchakaza ufunguo wake wa kutuma mapema kuliko mteja. Kwenye kuandika, ni kinyume chake.

TLS 1.3 ina dawa yake, ujumbe wa KeyUpdate. Ni baiti tano tu: `18 00 00 01`, kisha `00` au `01`, ambapo `01` humtaka mwenzako naye abadilishe wake. Kinachofuata ujumbe huo husimbwa kwa ufunguo mpya, na hesabu ya rekodi huanza tena sifuri. Na hapa ndipo mgawanyo ule wa kazi unapoleta taabu. Ufunguo mpya hutokana na siri ya kikao, na kerneli haina siri hiyo: ilikabidhiwa ufunguo, chumvi na IV (thamani zinazochanganywa na ufunguo wakati wa kusimba) na namba ya rekodi tu. Tlshd, iliyokuwa na siri, hutua mzigo mara mapatano yanapokamilika. Basi draiva ikipokea KeyUpdate inabidi irudi kuiomba programu ya nje, na programu hiyo iwe imeitunza siri ya kikao kile, foleni kwa foleni. Uamuzi wa kuweka mapatano nje ya kerneli naukubali kabisa, ila gharama yake inaonekana hapa.

Kabla ya 6.14 (Machi 2025), kTLS haikuruhusu hata kuweka ufunguo wa pili kwenye soketi ile ile. Kuanzia 6.14 inaruhusu, na upande wa kupokea umetengenezwa kwa uangalifu. KeyUpdate ikifika, usimbuaji husimama, kila jaribio la kusoma hurudishiwa kosa la EKEYEXPIRED, na `poll()` hunyamaza hadi TLS_RX mpya (ufunguo wa kupokea) iwekwe. Upande wa kutuma hakuna breki. Draiva ikitoa KeyUpdate halafu rekodi moja ya data ikaponyoka kwa ufunguo wa zamani, mwenzake hataweza kuisimbua na muunganisho utavunjika. Wala kerneli haikagui kama umeirudia IV ya zamani. Anayeandika draiva lazima asimamishe foleni ya kutuma, atume KeyUpdate, aweke TLS_TX (ufunguo wa kutuma), ndipo aifungulie tena.

Kusimama kwa kupokea nako kuna saa inayohesabu. Amri ya diski ina sekunde 30 kwa kawaida, na kwenye foleni ya usimamizi ishara ya uhai ina kikomo cha kawaida cha sekunde 5. Tlshd ikichelewa, draiva itaona kontrola (upande wa seva unaoisimamia diski) imekufa, itabomoa foleni zote na kuanza kuunganisha upya kila sekunde 10, hadi sekunde 600 ziishe. Hatari zaidi ni mashine ambayo mfumo wake wote, tlshd ikiwemo, umekaa kwenye diski hiyo hiyo: programu inaweza kuhitaji kurasa zake kutoka kwenye diski inayosubiri ufunguo kutoka kwake. Kwa mashine ya namna hiyo, tlshd iwe kwenye kumbukumbu au diski ya ndani.

Usiamini maelezo ya muuzaji kabla ya kupima. Endesha `fio`, programu ya kupima diski, yenye `verify` kupita mpaka wa GB 388 kwenye foleni moja, huku ukitazama `/proc/net/tls_stat`. TlsRxRekeyReceived ikipanda na TlsRxRekeyOk ikabaki palepale, KeyUpdate imefika na hakuna aliyeleta ufunguo. Zote mbili zikibaki sifuri, seva yako haibadilishi funguo kabisa, na hilo ni kosa la kimya linalonitia wasiwasi kuliko muunganisho kukatika.

Pale draiva isipoweza kubadilisha ufunguo, tumia njia mbili za multipath (diski moja kufikiwa kwa njia zaidi ya moja) na uzungushe `nvme reset /dev/nvme1`, kisha njia ya pili baada ya `nvme list-subsys` kuonyesha ya kwanza imerudi `live`. Mapatano huanza upya na funguo za kikao huwa mpya. Siri ya pamoja haibadiliki kwa njia hiyo, na kama uliitaja kwa `--tls_key` wakati wa kuunganisha, reset itaendelea na ile ile: kuibadilisha ni kukata njia moja na kuiunganisha upya kwa siri mpya, kisha nyingine.

Kwa kazi ya wastani yenye multipath, mfumo huu naupendekeza bila kusita. Kwa foleni chache zenye mzigo mkubwa kwenye njia moja tu, subiri draiva ya pande zote mbili ipite jaribio la `fio` hapo juu.